Picha na Mitindo katika Kurasa za Masomo: Jinsi ya Kupunguza Mzigo Upandao Mlimani

Utangulizi

Katika somo la mbinu za kufundishia, wanachuo huelezwa mara kwa mara kwamba picha nzuri humsaidia mtoto kuelewa jambo ambalo maneno matupu hayawezi kulifikisha. Hilo ni kweli, wala hakuna mwalimu atakayelipinga. Lakini kwa miaka mingi picha ilikuwa chati ya kutundikwa ukutani, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuichora vizuri na kuitunza isiliwe na panya. Siku hizi picha nyingi za masomo husomwa katika vishikwambi na simu, zikiletwa kwa mtandao kutoka kwenye seva iliyo mbali. Picha ya namna hiyo ina jambo moja ambalo chati haikuwa nalo: ina uzito, na uzito huo hulipiwa na yule anayeipokea, kwa fedha na kwa muda wake.

Makala haya yamekusudiwa kumweleza mwanachuo namna ya kutunza picha na mitindo katika programu ya mtandaoni ya masomo ili isiwe mzigo kwa shule zenye mtandao dhaifu. Kwa neno "mitindo" tunamaanisha maagizo yanayokiambia kivinjari jinsi ya kuupamba ukurasa: rangi ya vichwa vya habari, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya aya, na mahali picha itakapokaa. Si lazima mwalimu wa shule ya msingi awe fundi wa kompyuta. Hata hivyo, yeye ndiye mtengenezaji na mtumiaji wa zana, na kwa hiyo hana budi kujua zana yake inavyofanya kazi.

Tatizo lilivyojitokeza

Chuoni kwetu tulitengeneza programu ndogo ya mtandaoni yenye kurasa 24 za masomo juu ya hifadhi ya udongo kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tuliichagua mada hiyo kwa sababu mtoto wa Usambara huiona kila siku akienda shuleni. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na shamba lisilo na kinga hupoteza rutuba yake mbele ya macho ya mwenye shamba. Mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa jina la SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981, ulihimiza upandaji wa majani ya guatemala kwa kufuata kontua, na hadi leo mistari ya majani hayo yaonekana katika mashamba mengi. Basi tulikwenda Soni na Mlalo tukapiga picha za mistari hiyo, za makorongo, na za mito yenye maji mekundu baada ya mvua. Mimi mwenyewe nilizipakia picha zile kama zilivyotoka katika simu. Pale chuoni kurasa zilifunguka upesi, nasi tukafurahi.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alipangiwa shule iliyo juu sana mlimani, ambako mtandao hupatikana kwenye pembe moja tu ya uwanja. Alinunua kifurushi kwa fedha zake, akawatoa watoto darasani, wakakizunguka kishikwambi chini ya mti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kumi. Picha ya kwanza ilifunguka, ya pili ikafuata baada ya muda mrefu, ya tatu ikatokea nusu. Kisha kifurushi kikaisha. Aliporudi chuoni alinieleza hivi: "Mwalimu, nilirudi darasani nikafundisha kwa ubao na chaki, na somo likaeleweka. Lakini mtoto mmoja aliniuliza kama picha zile zimewekwa kwa ajili ya shule za mjini."

Swali la mtoto yule ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hatukukusudia kuwabagua watoto wa mlimani, lakini kazi yetu iliwabagua. Kosa halikuwa la mtandao, maana hali ya mtandao tuliijua. Kosa lilikuwa letu tuliotengeneza zana bila kuupima mzigo wake.

Hesabu ya mzigo

Kabla ya kutafuta dawa, yafaa tuufahamu ugonjwa kwa hesabu. Picha ya kompyuta ni nukta nyingi ndogo ziitwazo pikseli. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, yaani nukta milioni 12. Hata baada ya kubanwa na simu yenyewe, picha hiyo yaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4.

Sasa tuchukue mtandao dhaifu unaopitisha kilobiti 200 kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo megabaiti 4 ni sawa na kilobiti 32,000. Tukigawa kwa 200 tunapata sekunde 160, yaani karibu dakika 3 kwa picha moja. Picha kumi zitahitaji sekunde 1,600, ambazo ni karibu dakika 27. Kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 40. Mwalimu atakuwa ametumia zaidi ya nusu ya kipindi kungoja, na atakuwa amelipia megabaiti 40.

Tuangalie upande wa pili. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa nukta 720 hivi. Picha ya nukta 4,000 ikifika hapo, simu huipunguza ili itoshe, na nukta zilizozidi hazionekani kabisa. Ni sawa na mtu aliyepakia lori zima la viazi kutoka Mombo hadi Lushoto, ilhali mpokeaji ana sufuria moja tu. Tukiipunguza picha ile iwe na nukta 800 kwa 600, itakuwa na nukta 480,000, yaani sehemu moja ya 25 ya zile za kwanza. Ikibanwa vizuri, uzito wake waweza kushuka hadi kilobaiti 80. Kwa mtandao ule ule wa kilobiti 200, itafika kwa sekunde 3 na kidogo, na picha zote kumi zitafika kwa sekunde 32. Mtandao haukubadilika, kilichobadilika ni mzigo.

Kanuni ya kwanza: Chagua picha kwa kazi yake

Mwanachuo akumbuke alichofundishwa juu ya chati: zana huchaguliwa kwa kufuata lengo la somo. Picha ambayo mwalimu hawezi kuiulizia swali darasani ni pambo, na pambo huongeza mzigo bila kuongeza maarifa. Tulipozikagua kurasa zetu 24 tulikuta picha tatu za korongo lile lile zilizopigwa kutoka pande tatu. Moja ilitosha.

Baada ya kuchagua, picha haina budi kuhifadhiwa katika aina ya faili iliyo sawa na asili yake. Kwa picha za kupigwa na kamera, zenye rangi nyingi zinazoingiliana kama zile za majani, udongo na mawingu, aina ya JPEG yafaa. Aina hii hupunguza uzito kwa kuacha baadhi ya mambo madogo ambayo jicho halitayakosa. Hata hivyo, kila inapofunguliwa, ikabadilishwa na kuhifadhiwa upya, hupoteza kidogo tena. Kwa sababu hiyo, picha ya asili itunzwe mahali pake, na kila nakala ndogo itolewe kwenye asili hiyo, siyo kwenye nakala nyingine.

Kwa michoro yenye mistari mikali, maandishi na rangi chache, aina ya PNG ni bora, kwa kuwa haipotezi kitu. Ipo pia aina ya WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, ambayo mara nyingi hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa ubora uleule, na vivinjari vya siku hizi huisoma.

Aina ya nne, ambayo walimu wengi hawaijui, ni SVG. Faili la SVG halihifadhi nukta, bali huhifadhi maagizo ya kuchora: mstari uanzie hapa uishie pale, duara liwe na kipenyo hiki, maneno haya yaandikwe hapa. Mchoro wa mteremko wenye mistari mitatu ya majani ya guatemala na mishale ya maji waweza kuwa na uzito wa kilobaiti chache tu, nao hukuzwa kwa ukubwa wowote bila kufifia. Zaidi ya hayo, maneno yaliyo ndani yake ni maandishi yanayoweza kusahihishwa. Mwalimu akitaka kubadili "kontua" iwe "mstari wa kontua" hana haja ya kuchora upya. Kwa ramani, michoro ya mimea na vielelezo vya hesabu, SVG ndiyo karibu zaidi na ule mchoro wa ubaoni tuliouzoea.

Mfano wa hapa kwetu utasaidia. Likiwapo somo la ua la Usambara, lile urujuani dogo ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na wataalamu wakaliita Saintpaulia, mtoto anahitaji kuona rangi yake na vinyweleo vya majani yake. Hapo picha ya kamera yahitajika. Lakini somo likiwa ni sehemu za ua, yaani petali, stameni na ovari, mchoro wa SVG utafundisha vizuri zaidi kwa uzito mdogo zaidi.

Kanuni ya pili: Mpe msomaji picha kwa wakati wake

Ukurasa mrefu una picha za juu na za chini. Mtoto anayesoma aya ya kwanza bado hahitaji picha ya aya ya kumi, na pengine kengele italia kabla hajaifikia. Kivinjari chaweza kuagizwa kisilete picha ya chini mpaka msomaji anapoikaribia. Katika lugha ya HTML, picha hupewa sifa ya loading yenye thamani ya lazy. Picha iliyo juu kabisa isipewe sifa hiyo, kwa sababu inahitajika mara moja.

Jambo la pili ni kuandika upana na kimo cha kila picha ndani ya ukurasa. Wengi hulipuuza jambo hili, lakini lina maana kubwa kwa mtoto anayejifunza kusoma. Kivinjari kisipojua ukubwa wa picha, huanza kwa kuonyesha maandishi peke yake. Kisha picha inapofika husukuma maandishi kwenda chini. Mtoto aliyekuwa ameweka kidole chake chini ya neno "mmomonyoko" hukuta neno limetoweka, naye huanza upya. Vipimo vikiandikwa mapema, kivinjari huacha nafasi tupu inayolingana na picha, na maandishi hutulia.

Jambo la tatu ni maelezo mbadala, yaani maneno machache yanayosimama badala ya picha. Mtandao ukikatika, maneno hayo ndiyo yatakayosomwa. Tena yapo kwa ajili ya msomaji asiyeona, ambaye kompyuta humsomea ukurasa kwa sauti. Pale Irente, karibu na mji wa Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona. Kwa hiyo kwetu sisi jambo hili si la nadharia. Ukiandika "picha 3", hukumwambia mtoto yule lolote. Ukiandika "Mteremko wenye mistari mitatu ya majani, udongo umejikusanya juu ya kila mstari", umempa somo lenyewe.

Kanuni ya tatu: Mitindo ikae mahali pamoja

Sasa tugeukie mitindo. Lugha ya mitindo iitwayo CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likapitishwa rasmi mwaka 1996. Shabaha yake ilikuwa kutenganisha mambo mawili: yale yanayosemwa na ukurasa, na namna ukurasa unavyoonekana. Mwalimu atalielewa hilo kwa urahisi akifikiria andalio la somo. Maudhui ya somo hubadilika kila siku, lakini mpangilio wa andalio, wenye hatua na safu zake, ni mmoja kwa masomo yote.

Sisi tulifanya kinyume. Katika kila ukurasa kati ya zile 24 tuliandika mitindo yote upya, kilobaiti 12 kwa kila mmoja. Msomaji aliyepitia kurasa zote alipakua kilobaiti 288 za maagizo yaleyale. Siku tulipoona kwamba maandishi ya rangi ya kijivu hayasomeki juani, ilitubidi kufungua kurasa 24 na kurekebisha moja baada ya nyingine. Mbili tulizisahau.

Dawa yake ni kuandika faili moja la mitindo, na kila ukurasa ulitaje. Kivinjari hulileta mara moja, kikaliweka katika akiba yake, na katika kurasa nyingine 23 hulitumia lile lililokwisha kuhifadhiwa. Kilobaiti 288 zinakuwa 12. Na rangi ikihitaji kubadilishwa, hubadilishwa mahali pamoja. Rangi kuu na ukubwa wa herufi huweza hata kupewa majina mwanzoni mwa faili, kisha majina hayo yakatumiwa penginepo pote. Hivyo mwenye kubadili hugusa mstari mmoja tu.

Mwanachuo azingatie mambo manne katika kuandika faili hilo.

Kwanza, majina ya mitindo yafuate kazi, yasifuate sura. Aya ya tahadhari iitwe "onyo", isiitwe "nyekundu". Mwaka kesho mkiamua kwamba onyo liwe na rangi ya buluu, jina "onyo" litabaki kuwa kweli, lakini jina "nyekundu" litakuwa uongo.

Pili, ijulikane jinsi amri zinavyoshindana. Amri mahususi huishinda ya jumla. Na amri mbili zikiwa na nguvu sawa, iliyoandikwa mwisho ndiyo itakayofuatwa. Ni kama taratibu za chuo: ipo sheria ya wanachuo wote, na ipo ya bweni fulani. Asiyeijua kanuni hii huongeza amri juu ya amri akitumaini kwamba moja itasikika, hadi faili likawa kelele tupu.

Tatu, amri zisizotumika zifutwe. Mafaili ya mitindo hukua kwa sababu kila mtu huogopa kufuta alichoandika mwenzake. Kila mwisho wa muhula faili lipitiwe, na amri isiyo na ukurasa wowote unaoihitaji iondolewe.

Nne, tutumie herufi zilizomo tayari katika kifaa cha msomaji. Kurasa nyingi huagiza herufi za mapambo kutoka seva za mbali, na kila namna ya herufi huongeza makumi ya kilobaiti. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida ambazo kila simu inazo. Hatuna sababu ya kumlipisha mtoto kwa ajili ya mkia wa herufi.

Akiba ya kivinjari na hatari yake

Tumesema kwamba kivinjari huweka mafaili katika akiba. Seva ndiyo inayokiambia muda wa kuyatunza. Kwa picha na mitindo ambayo haibadiliki ovyo, muda huo waweza kuwa hata mwaka mzima. Faida ni kwamba mwalimu akifungua somo jioni mahali penye mtandao mzuri, mafaili hayo huweza kumngojea kesho darasani.

Lakini akiba ina hatari yake. Tulipoirekebisha ile rangi ya kijivu, wanachuo waliokuwa mashuleni walilalamika kwamba hawaoni badiliko lolote. Vivinjari vyao viliendelea kutumia faili la zamani, kwa sababu tulikuwa tumeviambia vilitunze. Njia iliyo salama ni kubadili jina la faili kila linapobadilishwa: lililoitwa mitindo-1 liitwe mitindo-2, na kurasa zitaje jina jipya. Kivinjari kikikuta jina kisilolijua hulileta upya. Picha nazo ni vivyo hivyo. Hii ndiyo kanuni ya kukumbukwa: faili likibadilika, jina libadilike, lisipobadilika, liachwe likae katika akiba.

Daftari la picha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha zetu za kwanza zilikuwa na majina ya namba zilizotolewa na simu, na baada ya miezi miwili hapakuwa na aliyejua ipi ni ya Soni na ipi ni ya Mlalo. Kila picha ipewe jina linaloeleweka, lenye herufi ndogo na vistari badala ya nafasi, mathalani "majani-guatemala-mlalo-800", ambapo namba ya mwisho ni upana wake. Kisha iandikwe katika daftari: jina la faili, aliyeipiga, tarehe, mahali, kurasa zinazoitumia, na mahali ilipo picha ya asili. Ukurasa ukifutwa, daftari litaonyesha ni picha zipi zimebaki bila kazi.

Safu moja zaidi ni ya lazima, nayo ni ya ridhaa. Picha inayoonyesha sura ya mtoto isiwekwe mtandaoni bila idhini ya mzazi au mlezi wake na ya shule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watu, na uangalifu huo ni mkubwa zaidi zikiwa za mtoto. Tena, simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa. Mtu asiyejulikana aweza kusoma humo shule na hata nyumba ya mtoto. Programu nyingi za kupunguza picha zina sehemu ya kuondoa taarifa hizo. Itumike kila mara, na faili likaguliwe kabla ya kupakiwa.

Mahali pasipo na mtandao kabisa

Zipo shule ambazo hata hesabu ya sekunde 32 haizisaidii. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na kifaa kama hicho chaweza kubeba somo zima ndani yake. Ili jambo hilo liwezekane, anwani za picha na za faili la mitindo ndani ya kurasa zisianze na anwani ya seva. Ziandikwe kwa kufuata makabrasha: picha iko katika kabrasha la "picha", mitindo iko katika kabrasha la "mitindo". Kabrasha zima likinakiliwa katika flash diski au kadi ya kumbukumbu, kurasa zitafunguka kama zilivyofunguka chuoni. Anwani zikitaja seva, mwalimu atafika mlimani na kukuta maandishi bila picha wala rangi.

Hapa ndipo faida ya wepesi huonekana tena. Kurasa zetu 24, zikiwa na picha kumi kila mmoja kwa uzito wa zamani, zingefikia karibu megabaiti 960. Kwa picha za kilobaiti 80 hazifiki megabaiti 20, na huhamishwa kutoka kifaa hadi kifaa kwa muda mfupi, walimu wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi moja.

Hitimisho

Baada ya kurekebisha kurasa tuliweka sharti moja: hakuna ukurasa utakaopakiwa ukiwa na uzito unaozidi megabaiti moja kwa jumla, na atakayeupakia ni lazima kwanza aufungue kwa simu ya kawaida mahali penye mtandao dhaifu. Mwanachuo yule aliyepata taabu ndiye aliyepewa kazi ya kupima. Alirudi katika shule ile muhula uliofuata, akafungua ukurasa wa kwanza katika pembe ileile ya uwanja, na picha zote zikafika kabla watoto hawajamaliza kukaa. Aliniambia kwamba waliuliza maswali mengi juu ya makorongo, wala hapakuwa na aliyeulizia shule za mjini.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kufundisha pengine hutatengeneza programu ya mtandaoni. Lakini utatuma picha kwa walimu wenzako, utaandaa maswali katika kompyuta, utawaelekeza watoto wasome katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika kila kazi hiyo jiulize maswali mawili: mzigo huu una uzito gani, na ni nani atakayeubeba?

Maswali na mazoezi

1. Chukua picha moja iliyopigwa kwa simu yako. Andika upana, kimo na uzito wake. Ipunguze iwe na upana wa nukta 800, kisha linganisha uzito wa picha hizo mbili na uzitazame zote katika kioo cha simu. Je, unaona tofauti gani?

2. Ukurasa una picha 6 za megabaiti 3 kila moja. Kwa mtandao wa kilobiti 200 kwa sekunde, zitafika baada ya dakika ngapi? Kipindi cha dakika 40 kitabakiwa na muda gani?

3. Kwa masomo yafuatayo, eleza kama utatumia picha ya kamera au mchoro, na utoe sababu: (a) mzunguko wa maji, (b) aina za udongo, (c) ramani ya njia kutoka Mombo hadi Lushoto.

4. Andika maelezo mbadala ya picha moja iliyomo katika kitabu cha kiada, kisha umsomee mwenzako aliyefumba macho. Mwambie achore alichokisikia. Mkilinganisha mchoro na picha, ni maneno gani yalipungua?

5. Jadilini katika vikundi: kwa nini jina la mtindo "onyo" ni bora kuliko "nyekundu"? Toeni mifano mingine mitatu kutoka katika kazi zenu.